Barabara ya soko: tuipanue, au tuwaachie wanaotembea?

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa, katika mji mdogo mashariki mwa Uganda, kwenye njia ya malori yanayotoka mpakani Malaba. Baraza la mji limetuonyesha mchoro wa kupanua barabara ya soko. Itakuwa na njia nne, mwembe ulio mbele ya soko utakatwa, na upande wa maduka yatawekwa maegesho ya magari. Binti yangu yuko darasa la nne na anavuka hapo kila asubuhi peke yake. Niliposimama kuuliza njia ya miguu na ya baiskeli ziko wapi, wenzangu walicheka. Mmoja akasema hapa si Ulaya, baiskeli ni ya fukara. Wenye maduka wanasema magari yasipopata pa kusimama biashara itakufa. Wengine wanasema barabara ikipanuliwa foleni itaisha. Mkutano mwingine ni baada ya wiki tatu. Je, wako sahihi? Na mimi niende na hoja gani?"

Mama Mwenyekiti, pole kwa kuchekwa. Swali lako lina mambo mawili ndani yake, hofu ya mzazi na hoja ya kiongozi. Nitaanza na hofu, kwa sababu ndiyo yenye hesabu ambayo hata aliyecheka hawezi kuipinga.

Chukua kamba, nenda alfajiri kabla magari hayajaanza, upime lami ya sasa. Barabara ya njia mbili mjini huwa na upana wa mita 6 hadi 7. Mtoto wa miaka tisa mwenye begi mgongoni hutembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 7 kuvuka. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa humaliza karibu mita 14 kila sekunde. Maana yake ni kwamba binti yako akikanyaga lami, gari lililo mita 97 kutoka alipo linaweza kumfikia kabla hajatoka upande wa pili. Sasa ifanye barabara iwe ya njia nne, mita 14. Atahitaji sekunde 14, na gari la kuogopa litakuwa karibu mita 200 kutoka alipo, sawa na viwanja viwili vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Mtoto hawezi kukadiria mwendo wa gari lililo mbali hivyo. Mimi mwenye miwani siwezi pia.

Na usidhani magari yatabaki kwenye 50. Dereva haongozwi na kibao, anaongozwa na barabara. Akiona lami pana, iliyonyooka, isiyo na mti wala mtu karibu, mguu unakanyaga wenyewe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari, hatari yake ya kufa huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Ukishuka hadi 30 mambo hugeuka. Gari lenye breki nzima kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 13 hivi, ukihesabu na ile sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa 50 linahitaji karibu mita 28. Hizo mita 15 za katikati ndipo watoto wanapogongwa.

Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu vifo 4,806 barabarani nchini, na karibu theluthi yao walikuwa watu wa miguu. Kwa hiyo binti yako si kisa cha pembeni. Wanaotembea ndio wengi, na ndio wanaokufa wakiwa hawana chuma cha kuwakinga.

Sasa tuje kwenye foleni. Watu huifikiria kama maji ya mvua: mtaro ukiwa mwembamba maji yanafurika, chimba mpana yatapita. Lakini maji hayana akili na watu wanazo. Barabara ikipanuliwa, aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu anatoa pikipiki, aliyekuwa akisafiri saa tano kukwepa msongamano anatoka saa mbili kama wengine, na mwenye lori aliyekuwa akizunguka nje ya mji anakata katikati. Baada ya muda nafasi mpya imejaa. Tazama barabara ya mchepuko ya kaskazini ya Kampala. Ilifunguliwa mwaka 2009 ili kuupumzisha mji, foleni zikaifuata huko huko, na mwaka 2014 kazi ya kuipanua ikaanza, ikamalizika 2021. Sisemi haikuhitajika, kwa sababu magari ya safari ndefu lazima yawe na pa kupita. Ninachosema ni kwamba upana haukuimaliza foleni hapo, na hakuna sababu uimalize mbele ya soko lenu.

Isitoshe, foleni ya mji mdogo mara nyingi haitokani na ufinyu wa lami. Kaa hapo saa tatu asubuhi uangalie. Kuna teksi, yale mabasi madogo ya abiria, imesimama katikati, kondakta anaita abiria wawili wa mwisho. Kuna lori linashusha saruji. Kuna boda kumi na tano zimezingira makutano kama nyuki. Ukiongeza njia mbili, umewaongezea pa kusimama. Kinachosaidia ni kuhamisha steji ya boda mita 30 hivi kutoka makutano, kuipa teksi sehemu maalumu ya kupakia, na kuagiza malori yashushe mzigo kabla ya saa moja asubuhi. Hayo yanataka kikao kigumu na wenye steji, kigumu kuliko kikao na mkandarasi, na nadhani ndiyo sababu mabaraza mengi huona heri kumwaga lami.

Chama cha maofisa wa usafiri wa miji ya Marekani, NACTO, kimelinganisha matumizi ya ukanda mmoja wa barabara wenye upana wa mita 3. Ukiwapa magari binafsi, utapitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Ukiwa njia ya baiskeli iliyokingwa, utapitisha kama 7,500. Ukiwa njia ya miguu, 9,000. Haya wameyasema Wamarekani, watu wanaopenda gari kuliko taifa lolote ninalolijua.

Huyo aliyesema "hapa si Ulaya" mjibu kwa upole, maana amesahau historia ya nyumbani kwake. Neno boda boda limezaliwa hapa hapa mashariki, mpakani Busia, miaka ya 1960, na halikuzaliwa juu ya pikipiki. Vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita abiria, "boda, boda!" Kwa miaka mingi, kabla pikipiki hazijaingia kwa wingi, usafiri wa umma wa miji yetu ulikuwa keria ya baiskeli yenye mto wa sponji. Hata leo, anayepeleka matoke sokoni, mikungu miwili kila upande, huku akiisukuma baiskeli kilimani kwa sababu haipandiki tena, anafanya kazi ya pikapu bila kuchoma tone la petroli. Kumwita fukara na huku unakula alichobeba ni utovu wa adabu.

Na Ulaya yenyewe haikuzaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 Uholanzi ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, mamia yao watoto, na wazazi waliingia mitaani kupinga. Mji wa Groningen ulifanya jambo la ajabu mwaka 1977. Uligawa katikati ya mji sehemu nne. Mwenye miguu na mwenye baiskeli walipita moja kwa moja kutoka sehemu moja hadi nyingine, lakini gari lililazimika kutoka hadi barabara ya mzunguko, lizunguke, ndipo liingie tena. Hawakubomoa mji. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa alama, vizuizi na kugeuza mwelekeo wa mitaa. Wenye maduka walipiga kelele kwelikweli. Mji haukufa, na leo ni mmoja wa miji yenye baiskeli nyingi zaidi duniani. Ninachotaka ukichukue kutoka huko ni hicho kimoja: safari ya karibu iwe fupi zaidi kwa mguu kuliko kwa gari. Watu hawaachi gari kwa mahubiri. Huliacha wanapoona mguu unawahi.

Kama Groningen ni mbali, wapeleke wajumbe wako Mbale au Tororo. Programu ya USMID ya kujenga miundombinu ya miji, iliyoanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia, ilijenga barabara katika manispaa 14, na nyingi zilipata njia za miguu, mitaro iliyofunikwa na taa za jua. Nauli ya teksi itawafundisha zaidi ya hotuba yangu.

Kuhusu biashara, hofu ya wenye maduka ni ya kweli na usiidharau, ila wanamtazama mteja asiye sahihi. Nafasi moja ya gari ni kama mita 2.5 kwa 5, na hapo hapo zinaenea baiskeli kumi. Gari linalosimama mbele ya duka kutwa nzima mara nyingi, na hili nimelihesabu katika miji kadhaa, ni la mwenye duka mwenyewe au jirani yake. Anajizibia mlango halafu analalamika hakuna wateja. Mtu anayepita kwa gari kwa mwendo wa 50 haoni kwamba umeleta sukari mpya. Anayepita kwa miguu anaona, anasimama, anauliza bei, ananunua nusu kilo. Mahali ambapo wenye maduka wana haki kabisa ni kwenye mizigo: anayeuza saruji au magodoro lazima lori limfikie. Wape saa maalumu za kushusha, ziandikwe, na ugomvi mkubwa utapungua.

Ndiyo maana silaha yako kubwa mkutanoni haitakuwa maneno yangu. Itakuwa daftari. Chagua siku ya kawaida na siku ya gulio. Tafuta vijana wanne waliomaliza kidato cha nne wanaoaminika, wawili kila upande wa barabara, wakae kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi na tena saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Wahesabu watu, si vyombo. Teksi yenye watu 14 ni 14, gari lenye dereva peke yake ni mmoja, boda yenye mama na watoto wawili ni wanne pamoja na dereva. Watoto wa shule wapewe safu yao. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilikaa kwenye benchi la muuza rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, nikitumia punje za mahindi na makopo matatu ya maziwa, kwa sababu kalamu haikuwahi kasi ya wapitaji. Saa moja unusu haikwisha kabla kopo la waenda kwa miguu kujaa na kumwagika chini. Kwenye kopo la magari, punje zilikuwa hazijafunika kitako. Mhandisi niliyekuwa naye alilitazama kopo lile muda mrefu, hakusema kitu, akaagiza chapati nyingine. Lakini mchoro ulibadilika.

Sitaki uende mkutanoni ukidhani kila kitu ni rahisi, kwa hiyo nikupe na upande mchungu. Kufunga barabara kwa magari kabisa, kama KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilivyofanya Namirembe Road na Luwum Street katikati ya Kampala, kunafaa palipo na umati mkubwa na mitaa mingine ya magari kuzunguka. Hata huko ilikuwa kazi kuwazuia wachuuzi na boda wasiimeze nafasi iliyofunguliwa. Kwa mji wenu wenye barabara moja ya soko, sidhani ni hatua ya kuanza nayo. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora njia ya miguu pana, vigae vizuri, miche ya miti, katika mji ambao sitautaja. Nilisahau nguzo za kuzuia magari. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa gereji, na watu wakarudi kutembea kwenye lami kama zamani, safari hii wakikwepa na majeki.

Njia ya baiskeli ya rangi tupu nayo itaingiliwa na boda siku ya kwanza. Nguzo zinazuia gari, hazizuii pikipiki, kwa sababu inapopita baiskeli na boda inapita. Basi usiombe njia ya baiskeli kila mahali. Kanuni yake ni hii: magari yakiwa machache na mwendo ukishikwa kwenye 30, baiskeli, boda na magari vinaweza kuchangia lami moja bila maafa. Mwendo na malori vikizidi, lazima vitengwe kwa ukingo wa zege, si kwa rangi. Kwenu maana yake ni kwamba barabara ya soko ibaki ya njia mbili, mwendo ushushwe, njia za miguu za angalau mita 2 ziwekwe pande zote juu ya mitaro iliyofunikwa. Njia ya baiskeli iliyotengwa iombwe kwenye barabara ya malori.

Mwendo haushushwi na kibao, nimeshasema. Na faini peke yake hazifiki mbali. Unakumbuka mfumo wa faini za kamera ulivyosimamishwa Juni 2025 baada ya madereva kulalamika. Tuta halina rufaa. Lile ninalolipenda ni tuta pana lenye mgongo bapa, likiinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu na kuchorwa pundamilia juu yake. Gari linapanda kwenda kwa mtoto, badala ya mtoto kushuka kwenda kwa gari. Mlemavu anayesukumwa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu hahitaji kubebwa, na kikongwe haruki mtaro. Liwekwe palepale watoto wanapovukia sasa. Ukiliweka mita 80 mbali kwa sababu panapendeza kwenye ramani, watavuka walipozoea. Madaraja ya juu yana kasoro hiyo hiyo, na ngazi juu yake. Pembe za makutano nazo zikazwe. Kona ya mviringo mpana humruhusu dereva kukata bila kupunguza, kona kali humlazimisha.

Jambo moja ambalo halitaonekana kwenye mchoro wa barabara ni mahali vitu vinapojengwa. Mtu hutembea kilomita moja kwa dakika 12 hivi, na kwa baiskeli dakika hizo hizo zinamfikisha kama kilomita 3. Baraza likihamishia soko au kituo cha afya kilomita 5 nje kwa sababu ardhi huko ni rahisi, limeshaamua kila mama apande boda, hata mkijenga njia nzuri kiasi gani. Kwa hiyo kila ombi la kuhama shule au soko likija mezani kwako, uliza watu watafikaje.

Kisheria huendi mikono mitupu. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2012, inayotaka wanaotembea na waendesha baiskeli wazingatiwe katika kupanga na kujenga barabara. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 imeifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na mpango wa mji hauwi siri, wananchi wana haki ya kuuona na kutoa maoni. Omba nakala ya mchoro kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Uliza pia barabara hiyo ni ya nani. Ikiwa ya mji, baraza linaweza kuibadilisha. Ikiwa ya taifa, tangu kazi za UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara za taifa, zirudishwe wizarani, hoja yako lazima ifike huko, na heri mjue mapema kuliko kubishana miezi miwili na asiye na kalamu.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kukutatulia. Mtaro ukifunikwa bila kupimwa, mvua ya Aprili itaingia madukani, kwa hiyo mhandisi afike na kuona maji yanakotoka. Mwombe ofisa mipango atembee na wewe barabara nzima saa moja asubuhi, si mchana akiwa ndani ya gari. Na kama upanuzi utakula kiwanja cha mtu yeyote, msitie saini popote kabla ya kumwona wakili na mthamini. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya ardhi kuchukuliwa. Wenye maduka wanaoshangilia maegesho wakijua kwamba vibaraza vyao vimo ndani ya mchoro, huenda wakawa upande wako.

Wiki tatu zinatosha kuhesabu mara mbili na kujaribu mara moja. Omba ruhusa ya baraza na polisi wa trafiki kwa asubuhi mbili tu: panga matairi ya zamani yaliyopakwa chokaa yaipunguze lami hadi mita 6 mbele ya soko, mweke askari mmoja na bendera, watu waone. Isipofaa, matairi yanaondolewa kabla ya chakula cha mchana.

Halafu pima kutoka shina la mwembe hadi ukingo wa lami. Ikiwa kuna zaidi ya mita 2, njia ya miguu inaweza kupita kati yake na barabara bila shoka kuguswa. Ikiwa hazifiki, angalia nyuma ya mti, upande wa soko. Niandikie ni ngapi.